Monita Imegoma Kuwaka? Anza na Umeme, Malizia na Kioo

Dumila ni mji wa njia panda. Barabara kuu ya Morogoro hadi Dodoma inaukata katikati, na hapo hapo ndipo inapochepuka njia ya kwenda Kilosa na Mikumi. Mpita njia huona matenga ya nyanya na magunia ya vitunguu kando ya lami, lakini mji wa namna hii unategemea pia steshenari zake. Humo wanafunzi huombea mikopo na vyuo, wazazi hutazamia matokeo ya NECTA, na wafanyabiashara huchapisha ankara na mikataba. Monita ikizima, kazi yote husimama, na mara nyingi hukumu hutolewa kabla hata kifaa hakijafunguliwa: imekufa hiyo, tafuta nyingine.

Hukumu hiyo huwa ya haraka mno. Katika monita ya LCD, kioo ndicho sehemu ya gharama kubwa, lakini sicho kinachotangulia kuharibika. Kinachotangulia kwa kawaida ni bodi ya umeme, na ndani ya bodi hiyo ni kapasita, kipuri ambacho bei ya kimoja haifikii nauli ya kwenda Morogoro mjini. Mwenye monita akijua mpangilio wa kuichunguza, ataokoa fedha zake, na hata asipoishika mwenyewe atajua la kumwambia fundi.

Tafuta kazi iliyokwama

Monita hufanya kazi tatu. Bodi ya umeme hupokea volti 230 za TANESCO na kuzigeuza kuwa umeme mdogo wa DC, kwa kawaida volti 5 na volti 12 au zaidi kidogo. Bodi kuu hupokea picha kutoka kwenye kompyuta na kuipeleka kwenye kioo. Taa zilizo nyuma ya kioo huangaza, kwa sababu LCD yenyewe haitoi mwanga; hufungua na kuziba njia ya mwanga tu. Kabla ya kushika bisibisi, jua kwanza ni kazi ipi kati ya hizo tatu imekwama. Dalili zenyewe zitakuambia.

Dalili ya kwanza: taa ndogo ya mbele haiwaki kabisa. Jaribu soketi kwa chaja ya simu. Kisha badilisha waya wa umeme; monita nyingi hutumia waya ule ule wa kompyuta ya mezani, kwa hiyo wa kujaribia huwa karibu. Fungua na plagi yenyewe, maana plagi zetu za pini tatu bapa zina fyuzi ndani, na fyuzi ikikatika monita huonekana imekufa ilhali haina kosa lolote. Ukiweka mpya, ya ampea 3 inatosha. Kama monita inatumia adapta ya nje, pima kwa mita kama adapta inatoa volti zilizoandikwa juu yake. Hayo yote yakiwa salama na taa bado haiwaki, shuku bodi ya umeme.

Dalili ya pili: taa ndogo ni ya rangi ya chungwa, au inapepesa polepole, na kioo ni giza. Monita hiyo mara nyingi imelala kwa sababu haipokei picha. Chomoa waya wa VGA au HDMI upande wa monita, kisha iwashe. Ikiandika kwamba haipati mawimbi au waya haujachomekwa, monita ni nzima. Tafuta kosa kwenye waya, ukiangalia kama kuna pini iliyopinda, au kwenye kompyuta yenyewe. RAM iliyolegea au yenye kutu imewafanya wengi watupe monita nzima isiyo na hatia.

Dalili ya tatu: taa ndogo ni ya kijani au bluu, kompyuta inanguruma, lakini kioo ni cheusi. Ingia mahali penye giza, washa tochi ya simu, na umulike kioo kwa pembeni ukiwa karibu. Ukiona kivuli cha picha, maandishi au alama ya kipanya, basi bodi kuu na kioo vinafanya kazi. Kilichokufa ni mwanga wa nyuma au kile kinachoulisha.

Dalili ya nne: picha inatokea sekunde moja au mbili, kisha giza. Hii huonekana sana kwenye monita za zamani zinazotumia mirija myembamba ya mwanga. Mirija hiyo hulishwa na inveta, ambayo hupandisha umeme hadi volti mia kadhaa, na kupita 1,000 wakati wa kuiwasha. Inveta ikihisi mrija mmoja umechoka au umeme unaoingia unayumba, hujizima ili isiungue. Kama kabla ya hapo picha ilikuwa ikielekea wekundu kila asubuhi, mirija ndiyo iliyochakaa.

Dalili ya tano: monita inachelewa kuwaka. Mwezi huu inachukua dakika moja, mwezi ujao inachukua kumi, hadi siku inapogoma kabisa. Dalili hii ndiyo inayoonyesha kapasita waziwazi kuliko zote, na ndiyo inayolipa zaidi ukiitengeneza.

Dalili ya mwisho ni ya kukubali: ufa, doa kama la wino uliomwagika, au mistari ya wima isiyoondoka. Hicho ni kioo. Kioo kipya hugharimu karibu sawa na monita nyingine, na hakuna tiba yake ya nyumbani.

Kwa nini kapasita ndiyo inayotangulia

Kapasita za kwenye bodi ya umeme ni vile vikopo vidogo vya mviringo. Kazi yake ni kutunza umeme kwa muda mfupi na kuulainisha ili bodi kuu ipate volti zilizotulia. Ndani yake mna kimiminika, na kimiminika hicho hukauka kidogo kidogo. Adui yake mkubwa ni joto.

Tazama ubavu wa kapasita utaona imeandikwa nyuzi 85 au 105. Kapasita nyingi za kawaida hupewa saa 2,000 za kufanya kazi katika joto hilo la juu. Kanuni wanayoitumia wahandisi kukadiria ni kwamba kila joto linaposhuka kwa nyuzi 10, maisha yake huongezeka maradufu. Kwa hiyo kapasita ya nyuzi 105 inayofanya kazi katika nyuzi 65 ndani ya monita ina makadirio ya saa 32,000. Kwa saa 10 za kazi kila siku, hiyo ni karibu miaka tisa. Pandisha joto hadi nyuzi 75 na utabaki na saa 16,000, yaani miaka minne na kidogo. Kapasita ya nyuzi 85 katika nyuzi 65 ina saa 8,000 tu, ambazo ni miaka miwili na ushee.

Sasa fikiria chumba cha biashara cha Dumila au Kilosa: paa la bati lisilo na dari, jua la Oktoba, monita imebanwa ukutani, na kitambaa cha urembo kimefunika matundu ya juu. Nyuzi 10 za ziada hupatikana bila shida. Monita hiyo inazeeka mara mbili ya kasi iliyokusudiwa, hata kama haijawahi kuguswa vibaya.

Umeme nao una sehemu yake. Mashine ya kukoboa mpunga au kusaga inapowashwa kwenye transfoma moja na nyumba yako, mota yake huvuta umeme mwingi kwa ghafla na volti za jirani hushuka. Bodi ya monita hujitahidi kufidia kwa kuvuta ampea zaidi, na ampea zaidi ni joto zaidi. Kisha umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, pigo la kwanza hutua kwenye fyuzi, dayodi na transista za upande wa volti kubwa.

Vilevile vifaa vingi tunavyovinunua vikiwa vimetumika vina historia yake. Kati ya mwaka 1999 na 2007 hivi, soko la dunia lilijaa kapasita zenye kimiminika kibovu, nyingi kutoka Taiwan, zilizovimba na kupasuka kabla ya wakati. Monita ya miaka hiyo inayofika kwako leo ikiwa haijawahi kubadilishwa kapasita iko kwenye muda wa nyongeza.

Kabla ya kufungua

Hapa naomba msomaji asiharakishe. Upande mmoja wa bodi ya umeme kuna kapasita moja kubwa, yenye maandishi ya volti 400 au 450. Monita ikiwa kazini, kapasita hiyo hushikilia takribani volti 325 za DC, na inaweza kubaki nazo hata baada ya kuchomoa plagi. Umeme huo unaweza kukuua.

Chomoa plagi na usubiri dakika kumi. Ukifungua, usiguse bodi; weka mita kwenye DC, kipimo kinachozidi volti 400, upime miguu ya kapasita hiyo kubwa. Zikiwa zimebaki volti, ziondoe kwa kipinga cha kilo-omu 2 chenye uwezo wa wati 5 au zaidi, ukikishika kwa koleo lenye mpini wa mpira, kisha pima tena. Kuigonganisha miguu hiyo kwa bisibisi kunatoa cheche, kunaharibu kipuri na kunaweza kukujeruhi. Asiye na mita au asiyejua kuisoma asivuke hatua hii. Ampelekee fundi wa elektroniki anayeaminika. Kijana anayetaka kuujua umeme kwa misingi anaweza kuanzia VETA, na wilaya ya Kilosa ina chuo chake Mikumi.

Kufungua na kubadilisha

Laza monita kifudifudi juu ya kitambaa laini. Ondoa stendi na skrubu zote, kisha achanisha fremu taratibu kwa kadi ya plastiki ya zamani ukizunguka pembe zote; bisibisi huvunja vishikizo. Piga picha kila hatua kwa simu yako, hasa mahali kila waya unapochomekwa.

Ukiifikia bodi ya umeme, tazama vichwa vya kapasita ndogo. Kichwa kizima ni bapa. Kilichovimba, kilichopasuka au chenye uchafu wa kahawia kimekwisha. Lakini jua kwamba kapasita inaweza kufa bila kuvimba, na mita ya kawaida inaweza hata kuipa alama nzuri, kwa kuwa kilichopanda ni upinzani wake wa ndani. Ndiyo sababu mafundi makini, wakikuta mbili zimevimba, hubadilisha zote za upande wa volti ndogo.

Kanuni za kununua ni chache. Maikrofaradi ziwe zile zile. Volti ziwe zile zile au zaidi, kamwe zisipungue. Penye 1,000 kwa volti 10, ya 1,000 kwa volti 16 inafaa kama inaenea mahali pake. Chagua ya nyuzi 105 yenye upinzani mdogo wa ndani. Usichomoe kapasita kuukuu kwenye king'amuzi kibovu ukaipandikiza, kwani nayo imekwisha kula umri wake.

Unapochomea, chuma cha wati 40 hadi 60 kinatosha. Usikikandamize sehemu moja kwa muda mrefu, maana njia za shaba hubanduka. Mstari ulio ubavuni mwa kapasita huonyesha mguu hasi. Linganisha na picha uliyopiga kabla ya kung'oa, kwa kuwa alama za kwenye bodi hazifanani kwa watengenezaji wote. Kapasita iliyogeuzwa inaweza kulipuka.

Kama fyuzi ya kwenye bodi imekatika, usiweke nyingine na kuondoka. Fyuzi haikatiki bure. Pima kwanza dayodi na transista kama zimepiga shoti. Na yeyote anayeziba pengo la fyuzi kwa kipande cha waya amekuachia moto nyumbani. Mkatalie.

Maji ya mafuriko

Dumila na jirani yake Magole zinajua mafuriko. Januari 2014 maji yaliharibu daraja la Dumila na kukata barabara ya Morogoro hadi Dodoma, huku nyumba nyingi zikiingiwa na tope. Monita iliyolowa isiwashwe kujaribiwa, hata kama nje imekauka. Ifunguliwe, bodi zioshwe tope kwa maji safi na brashi laini, zisuguliwe kwa spiriti, kisha zikaushwe kivulini kwa siku kadhaa. Kinachoua bodi iliyolowa ni umeme kupita ndani ya tope. Maji yakishaingia kati ya tabaka za kioo, hata hivyo, madoa yake hayatoki.

Pa kuachia, na pa kuanzia

Usivunje mirija ya mwanga ya monita za zamani, kwa sababu ina zebaki, ambayo ni sumu. Usichome bodi ili kupata shaba. Moshi wake huwafikia watoto wa jirani kabla ya kukufikia wewe. Monita yenye kioo kilichopasuka mpe fundi. Bodi zake, vitufe vyake na waya zake zitaponya nyingine.

Ukimpa fundi kazi, mwambie dalili badala ya hukumu: taa ni rangi gani, inachelewa dakika ngapi, tochi imeonyesha nini. Mwombe akurudishie kapasita alizong'oa na uone alichoweka. Fundi mzuri hufurahia mteja wa namna hiyo.

Na kwa monita ambayo bado inawaka, kinga haihitaji kipuri. Isogeze kutoka ukutani, ondoa kitambaa juu ya matundu, punguza ung'avu wa kioo, na izime kwenye soketi duka linapofungwa. Umeme ukikatika, chomoa plagi. Ukirudi, subiri dakika chache utulie ndipo uchomeke. Ukiweza, nunua kifaa cha kulinda volti kama kile cha friji. Nyuzi 10 utakazoipunguzia monita leo zinaweza kuiongezea miaka ya kazi.