Kutoka Manono mpaka Lubumbashi: ndege inachukua muda gani?

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama uliye nyumbani, mtu akiumia vibaya mbali na hospitali kubwa, jamaa wote wanauliza: "Ndege itafika saa ngapi?" Kwa ramani na penseli hata wewe unaweza kupata jibu lililo karibu na kweli.

Tuchukue kiwanja cha Manono na kile cha Luano, Lubumbashi. Manono iko digrii 7 na dakika 17 kusini ya ikweta. Luano ni digrii 11 na dakika 35. (Dakika hizi si za saa ya mkononi: 60 zinafanya digrii moja.) Ukiondoa, inabaki digrii 4 na dakika 18, ni kusema 4,3. Digrii moja ni kilomita 111 hivi. 4,3 mara 111 ni kilomita 477. Hesabu ni nyepesi kwa sababu viwanja hivi viko karibu kwenye mstari mmoja wa kaskazini na kusini. Kalemie iko mashariki zaidi, huko pima kwa rula. Kwenye ramani ambayo sentimita 1 ni kilomita 20, Manono mpaka Kalemie ni sentimita 13, basi kilomita 260. Usifuate barabara, ndege haiijui.

Sasa muda. Ndege ndogo inayokwenda kilomita 300 kwa saa itafika Luano kwa saa 1 na dakika 35. Lakini wakati wa kiangazi upepo unatoka kusini-mashariki. Ukiipinga ndege kwa kilomita 40, mwendo unabaki 260, na safari inakuwa saa 1 na dakika 50. Ongeza robo saa ya kupaa na kutua: saa 2 na dakika 5.

Na ndege haikulala Manono ikikungojea! Kwanza itoke Luano, karibu saa 1 na dakika 40 kwa upepo wa nyuma, kisha nusu saa ya kupakia mgonjwa. Jumla ni saa 4 na robo. Kama kiwanja hakina taa, lazima iruke kabla ya jua kuzama, karibu saa 12 ya jioni. Basi iondoke Luano kabla ya saa 10 kasoro dakika 10. Mtu aliyepigwa na jiwe tumboni saa 3 ya asubuhi, akaficha maumivu mpaka saa 11 ya jioni, amepoteza usiku mzima.

Sisi wa dispensari tunahesabu pia oksijeni. Pamoja na gari la huku na la kule, safari ya mgonjwa ni kama saa 3, dakika 180. Akipumua litri 5 kwa dakika, anahitaji litri 900. Chupa ya litri 5 iliyojazwa kwa bari 200 ina litri 1.000, inatosha kwa shida. Ile ndogo ya litri 2 ina litri 400 tu: itakwisha baada ya dakika 80, mgonjwa akiwa angali hewani. Kwa hiyo usikasirike ukiona tunachelewa kidogo kutafuta chupa ya pili.

Aliyeumia kifuani, mwambie munganga kabla hajapandishwa. Hewa iliyovuja ndani ya kifua inatanuka ndege ikipanda juu, na inabana pafu.