Mhadhiri Anapoandika Hadharani

Wapo wanataaluma ambao kazi yao ni kuchunguza jinsi watu wanavyojifunza kwa kutumia redio, kompyuta na intaneti. Ni wahadhiri wa teknolojia ya elimu. Kwa zaidi ya miaka 20 baadhi yao wamekuwa na desturi ya kuandika kwenye blogu, yaani kurasa zao wenyewe za intaneti, kuhusu kazi zao na pia maisha yao. Naieleza desturi hii kwa sababu inagusa tatizo la ofisi zetu za miradi: tunajifunza mengi, tunayaweka katika taarifa ya mfadhili, na taarifa inaishia kabatini.

Tumchukue Martin Weller, aliyekuwa profesa katika Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, chuo kilichoanzishwa mwaka 1969 kwa ajili ya watu wanaosomea nyumbani. Alianza blogu yake mwaka 2006. Humo utakuta hoja nzito kuhusu elimu huria, na pembeni yake habari za vitabu alivyosoma na santuri anazopenda. Mwaka 2018 chama cha wanataaluma wa fani hiyo nchini Uingereza kilipoadhimisha miaka 25, aliandika mfululizo wa makala fupi, kila mwaka akiuchagulia teknolojia moja. Mfululizo huo ukazaa kitabu, 25 Years of Ed Tech, kilichotoka mwaka 2020 na kinachosomwa bure kwenye intaneti.

Hapo ndipo penye faida kubwa. Makala ya jarida la kitaaluma hupitiwa kwanza na wasomi wengine. Hilo ni jambo jema, lakini laweza kuchukua mwaka mzima, na mara nyingi mwalimu wa sekondari hataisoma bila kulipa. Kwenye blogu wazo hutolewa likiwa bado bichi, na msomaji anaweza kuliongezea au kulipinga kabla halijawa kitabu.

Mfano mwingine ni wa Kanada. Mwaka 2008 George Siemens na Stephen Downes waliendesha kozi kupitia Chuo Kikuu cha Manitoba. Wanafunzi 25 walilipa ada. Wengine zaidi ya 2,000 walijiunga bure. Washiriki wengi waliandika kwenye blogu zao wenyewe, na walimu wakawa wanakusanya maandishi hayo na kuyasambaza kwa wote. Darasa likawa limetapakaa dunia nzima.

Gharama zipo. Vyuo vingi hupandisha vyeo kwa kuhesabu makala za majarida, hivyo mhadhiri kijana anayeandika blogu huweza kuonekana anapoteza muda. Na kuchanganya kazi na maisha kunahitaji busara. Kwa maoni yangu mchanganyiko huo ndio unaomfanya msomaji arudi, maana humwamini zaidi mtu anayemfahamu kidogo. Lakini mwandishi ana haki ya kueleza maisha yake tu. Habari za mwanafunzi aliyefeli, au kwetu sisi mama aliyeshindwa kurejesha mkopo wa kikundi, si mali yake hata akificha jina, kwa kuwa kijijini kila mtu atamtambua.

Kwa Tanzania kuna suala la sheria pia. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu apate leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), na ada zake kwa jumla zilizidi shilingi milioni 2. Baadhi ya waandishi walifunga kurasa zao. Kanuni hizo zimerekebishwa zaidi ya mara moja tangu wakati huo, kwa hiyo anayetaka kuanza aulize kwanza TCRA ni masharti yapi yanamhusu.

Wakati huohuo ofisi ya mradi inaweza kuanza bila blogu. Mratibu aandike ukurasa mmoja kila mwezi, kwa Kiswahili cha kawaida: tulijaribu nini, kipi kilikwama, tunajiuliza nini. Usambazwe kwa barua pepe kwa waratibu wenzake, na nakala ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa usharika, pakiachwa nafasi chini ya karatasi ili wasomaji waandike majibu yao kwa kalamu.