Wakopaji wa Thika walivyoibadili M-Pesa kabla haijazinduliwa

WENGI wanaolipia mbolea au mzigo wa nyanya kwa simu hudhani M-Pesa ilibuniwa tangu mwanzo ili watu watumiane pesa. Sivyo. Huduma hiyo ilianza kama njia ya kurejesha mikopo midogo, na walioigeuza ni wakopaji wenyewe, wengi wao wachuuzi na wenye vibanda.

Wazo lilitoka kampuni ya Vodafone ya Uingereza, ambako Nick Hughes alipata ruzuku ya Serikali ya nchi hiyo ya kujaribu huduma za fedha kwa simu. Mwenzake, Susie Lonie, ndiye aliyekuja Kenya kusimamia kazi. Safaricom ilikuwa na mtandao, na taasisi ya mikopo ya Faulu ilikuwa na wateja. Hesabu yao ilikuwa hivi: mkopaji anaacha biashara yake, anakwenda kwenye mkutano wa kikundi akiwa na fedha taslimu mfukoni, zinahesabiwa, kisha mtu anazipeleka benki. Akilipa kwa simu, ataokoa muda na kuepuka wezi.

Majaribio yalianza Oktoba 2005 Nairobi na Thika, yakiwa na wateja wasiofika 500 na mawakala wanane. Wateja walipewa simu na kufundishwa ana kwa ana. Kazi haikuwa rahisi. Kuna waliosahau namba ya siri, na wengine walikuwa hawajazoea kabisa kutumia orodha ya simu zaidi ya kupiga na kupokea.

Lakini baada ya muda mfupi waendeshaji walianza kuona mambo ambayo hawakuyapanga. Mtu alimlipia mwenzake mkopo, naye akalipwa kwa kazi au huduma. Wafanyabiashara wakubwa kidogo waliweka mauzo ya siku kwenye simu jioni, kwa kuwa benki zilifungwa mapema kuliko maduka ya mawakala. Wengine walipokuwa safarini kati ya maeneo ya majaribio waliweka fedha kwa wakala mji mmoja, wakapanda gari mikono mitupu, wakazitoa walikofika. Wapo pia waliotumia salio lao kununua muda wa maongezi na kuwatumia ndugu zao mashambani.

Hapo ndipo uamuzi mgumu ulipokuja. Upande wa mikopo ulikuwa unaleta taabu. Vitabu vya taasisi havikuenda sambamba na mfumo wa simu. Isitoshe, mikopo ya aina hii hutegemea kikundi: wanachama hudhaminiana, na ni mkutanoni ndipo huonana macho kwa macho. Aliyekwisha kulipa kwa simu alikuwa na sababu gani ya kuhudhuria?

Kampuni nyingine ingewaita wateja na kuwaonya watumie chombo kama kilivyokusudiwa. Hawa hawakufanya hivyo. Waliuweka mkopo kando, wakabakiza mambo machache ambayo watu walikuwa wakiyafanya tayari: kuweka, kutuma, kutoa na kununua muda wa maongezi. Machi 2007 huduma ilizinduliwa kwa umma wa Kenya kwa ujumbe wa kutuma pesa nyumbani. Mfanyakazi wa mjini mwenye mama kijijini hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Jambo jingine lililosaidia ni mahali ilipowekwa. Orodha ya M-Pesa ilikaa ndani ya kadi ya simu, hivyo ilifanya kazi kwenye simu ya bei ya chini kabisa, bila intaneti. Simu iliuliza swali moja moja: namba ya mpokeaji, kiasi, namba ya siri. Kisha ujumbe ulikwenda kwa aliyetuma na kwa aliyepokea. Ujumbe huo ukawa risiti, na mfanyabiashara yeyote anajua thamani ya risiti.

Tanzania ilipata M-Pesa mwaka 2008 kupitia Vodacom, ila mwanzoni haikushika kasi kama ilivyokuwa Kenya. Nchi ni pana, na wakala akiwa mbali, au akiwa karibu lakini hana fedha, uzuri wa orodha kwenye simu haumsaidii mteja.

Hata mfumo uliowasikiliza watumiaji ulibaki na shimo. Ukikosea tarakimu moja, pesa zilikwenda kwa mtu usiyemjua, naye angeweza kuzitoa kabla hujafika kulalamika. Kwa mchuuzi, kosa hilo laweza kuwa mtaji wa wiki nzima. Miaka ilipita kabla Safaricom haijaleta Hakikisha, inayomwonyesha mtumaji jina la mpokeaji na kumpa nafasi ya kusitisha. Binafsi naona hilo lilipaswa kuwapo mapema zaidi, maana kukosea namba si uzembe wa mteja. Vidole huteleza, hasa mtu anapouza na kutuma kwa wakati mmoja.

Na risiti ile ya ujumbe nayo imepata waigaji. Matapeli hutuma ujumbe ulioandikwa ufanane na wa kweli, kisha hudai mzigo upakiwe haraka. Kabla ya kufungua mlango wa ghala, tazama salio lako kwenye orodha yenyewe ya simu, hata kama mnunuzi anasema dereva amechoka kusubiri.