Nyumba Iliyoganda Angani

1. Nyota inayotembea

Huenda umewahi kukaa nje ya nyumba yako jioni, jua likiwa limekwisha kuzama, ukaona nyota moja inatembea. Nyota hiyo haimetimeti kama nyota nyingine. Wala haina mlio kama ndege. Inatokea upande mmoja wa mbingu, inakwenda upande wa pili kwa dakika chache tu, kisha inatoweka.

Hiyo si nyota. Ni chombo kilichotengenezwa na watu. Kinang'aa kwa sababu kiko juu sana, na huko juu jua bado linakipiga.

Vyombo vya namna hiyo viko vingi. Lakini kile kikubwa na chenye kung'aa kuliko vingine ni nyumba hasa. Ndani yake wamo watu. Wanakula, wanalala na kufanya kazi. Nyumba hiyo inaitwa kituo cha angani. Watu wake wanaitwa wanaanga. Kituo hicho ni cha nchi nyingi zilizoshirikiana, zikiwamo Marekani na Urusi. Tangu Novemba 2000 hakijakaa bila watu hata siku moja. Wengine wakiondoka, wengine wanabaki.

Mtu akisikia habari hii huuliza: Je, nyumba hiyo ikiharibika huko juu, fundi atatoka wapi? Swali hilo ni zuri. Tutalijibu kwa kisa cha kweli kilichotokea mwaka 1985.

2. Kwa nini kituo hakianguki?

Kwanza tufahamu kwa nini kituo hakianguki.

Chukua jiwe, ulitupe mbele. Litakwenda kidogo, kisha litaanguka. Litupe kwa nguvu zaidi. Litaanguka mbali zaidi. Sasa fikiri kwamba una nguvu za kulitupa jiwe hilo kwa mwendo mkali kuliko risasi. Jiwe litaendelea kuanguka, lakini dunia ni mviringo kama chungwa. Kila jiwe linaposhuka, ardhi nayo inajipinda chini yake. Basi jiwe litaizunguka dunia bila kuigusa.

Hivyo ndivyo kituo kinavyokwenda. Roketi hukipandisha juu kiasi cha kilomita 400. Umbali huo ni karibu sawa na kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma. Huko hewa ni kidogo mno, haiwezi kukizuia upesi. Roketi hukisukuma mpaka kiwe na mwendo wa kilomita 28,000 hivi kwa saa. Kwa mwendo huo kituo kinaizunguka dunia nzima kwa dakika 90 tu. Watu waliomo wanaona jua linachomoza mara 16 kwa siku moja.

Kituo, watu na vyombo vyote vinaanguka pamoja wakati wote. Kwa hiyo mtu hausikii uzito wake. Anaelea kama samaki majini. Ukiachia kijiko, kinabaki hapo hapo hewani. Maji yakimwagika hayaendi chini. Yanakuwa donge la mviringo na kuelea.

3. Kituo kinanyamaza

Wakati huo kulikuwa na nchi kubwa iliyoitwa Muungano wa Sovieti. Nchi hiyo ilivunjika mwaka 1991, na Urusi ilikuwa sehemu yake kubwa. Mwezi Aprili 1982 Wasovieti walirusha kituo kilichoitwa Salyut 7. Kilikuwa na uzito wa karibu tani 20. Kilikuwa na mabawa mapana ya kupokea mwanga wa jua na kuugeuza kuwa umeme. Umeme huo ulijaza betri. Betri ziliendesha taa, redio, mashine za hewa na mashine za joto.

Mwaka 1984 wanaanga watatu walikaa humo siku 237. Mwezi Oktoba walifunga mlango, wakarudi duniani. Kituo kikabaki bila mtu. Wataalamu walikiangalia kutoka chini kwa njia ya redio.

Mwezi Februari 1985 redio ya kituo iliharibika. Wataalamu waliita, kituo hakikujibu. Waliita tena. Kimya.

Sasa palikuwa na hatari mbili. Kwanza, nyumba ya gharama kubwa ilikuwa imepotea. Pili, chombo kisichoongozwa hushuka kidogo kidogo, na mwishowe huanguka. Mwezi Julai 1979 kituo cha Marekani kilichoitwa Skylab kilianguka hivyo. Vipande vyake vilitawanyika katika nchi ya Australia. Salyut 7 nacho kingeanguka wapi? Hapana mtu aliyeweza kusema.

Ikaamuliwa kwamba watu wapelekwe.

4. Mafundi wawili

Walichaguliwa wanaanga wawili. Wa kwanza ni Vladimir Dzhanibekov, mwenye umri wa miaka 43. Yeye alikuwa nahodha. Alikwisha kwenda angani mara 4. Wa pili ni Viktor Savinykh, mwenye umri wa miaka 45. Yeye alikuwa fundi mitambo. Majina yao ya ukoo ni magumu kwetu, basi tuwaite Vladimir na Viktor.

Waliondoka tarehe 6 Juni 1985 kwa chombo kidogo kilichoitwa Soyuz T-13. Kwa kawaida kituo na chombo hutafutana kwa redio, vikaungana vyenyewe. Safari hii kituo kilikuwa kama maiti. Hakikuweza kusaidia chochote.

Tarehe 8 Juni walikiona. Mabawa yake hayakuelekea jua. Kila bawa lilielekea upande wake. Viktor alielewa mara moja kwamba umeme umekwisha.

Vladimir alikiendesha chombo kwa mkono. Walikuwa na kifaa cha mkononi cha kupimia umbali. Walisogea polepole, wakakizunguka kituo mpaka wakaufikia mlango. Wangekigonga kwa nguvu, wangekufa. Wangetumia mafuta mengi mno, ingewabidi warudi bila kufanya kazi. Lakini Vladimir alikilenga sawasawa. Chombo kikaungana na kituo.

Wakafika mlangoni. Hapakuwa na wa kuwaambia karibu.

5. Ndani ya nyumba ya barafu

Hawakufungua mlango kwa haraka. Walipima kwanza kama ndani mna hewa, na kama hewa hiyo haina sumu. Kisha wakaingia na tochi zao.

Ndani mlikuwa giza tupu. Hapakuwa na mlio wowote. Baridi ilikuwa kali kama ya kilele cha Kilimanjaro. Kuta zilifunikwa na unga mweupe wa barafu. Maji yaliganda ndani ya mabomba. Wanaanga walivaa nguo nzito na kofia za sufu, na kila walipopumua, pumzi ilitoka kama moshi.

Palikuwa na hatari nyingine isiyoonekana. Hapa kwetu hewa yenye joto hupanda juu, na hewa safi huja mahali pake. Angani hakuna juu wala chini. Hewa chafu tunayoitoa puani hukaa pale pale usoni. Katika kituo kizima, feni huizungusha hewa hiyo. Lakini sasa feni zilikuwa zimesimama. Mtu akifanya kazi kwa nguvu huku ameinama mahali pamoja, aliweza kuishiwa na hewa safi akaumwa kichwa na kulegea. Kwa hiyo walikaa kwa kuangaliana. Mmoja alifanya kazi, mwenzake alimwangalia.

Maji ya kunywa waliyokuja nayo yalikuwa ya siku chache tu. Maji ya kituo yalikuwa barafu. Kama wasingepata umeme upesi, wasingepata maji. Bila maji ingewapasa kuondoka.

6. Namna walivyokifufua

Vladimir na Viktor walianza na betri. Walizipima moja moja. Baadhi ziliharibika kabisa, nyingine zilifaa. Waliunga nyaya za betri zile nzuri moja kwa moja na nyaya za mabawa. Kazi hiyo waliifanya kwa mikono mitupu katika baridi ile.

Lakini mabawa hayakuelekea jua. Wafanye nini? Walitumia akili. Chombo chao, Soyuz, kilikuwa kimeungana na kituo. Waliziwasha injini ndogo za Soyuz, wakakigeuza kituo kizima kikielekee jua. Umeme ukaanza kuingia katika betri.

Walisubiri. Betri zilipojaa, waliwasha taa. Kisha feni. Kisha redio. Wataalamu huku chini wakakisikia kituo tena, baada ya miezi minne ya kimya.

Mashine za joto hawakuziwasha upesi. Barafu ikiyeyuka kwa ghafula, maji yangeingia katika mitambo na kuiharibu. Walikipasha moto kituo kidogo kidogo. Hata hivyo kuta zote zililowa. Walifuta maji kwa vitambaa, na vitambaa vilipokwisha walifuta kwa nguo. Mwishowe maji ya kunywa nayo yaliyeyuka. Tarehe 23 Juni chombo cha mizigo kisicho na watu kiliwaletea maji, chakula na vipuri.

Sababu ya maafa yale ilijulikana. Kifaa kidogo kinachoonyesha kama betri zimejaa kiliharibika. Kila jua lilipowaka, kifaa hicho kilisema uongo kwamba betri zimejaa, kikakata umeme. Betri zikaisha. Wataalamu wangeweza kurekebisha jambo hilo kutoka chini, lakini redio ya kupokelea amri ilikuwa mbovu. Kama mtu mmoja angalikuwamo ndani, angeliona jambo hilo mapema.

7. Kupokezana zamu

Mwezi Septemba 1985 wanaanga watatu walikuja na chombo cha pili. Sasa watu wakawa watano. Walikaa pamoja siku chache. Wenyeji waliwaonyesha wageni mitambo ipi ni mizima na ipi ina ugonjwa.

Kisha Vladimir alirudi duniani pamoja na mmoja wa wale wageni. Walitua tarehe 26 Septemba. Viktor alibaki na wale wawili wengine. Kwa hiyo kituo hakikuachwa peke yake, na ujuzi haukuondoka na mtu mmoja. Hata leo desturi ni hiyo hiyo.

Baadaye kiongozi wa wale waliobaki aliugua. Angani hakuna hospitali. Lakini chombo cha kurudia kilikuwa kimefungwa mlangoni, tayari. Wote watatu waliingia humo, wakatua tarehe 21 Novemba 1985. Ndiyo maana kituo chenye watu hakikosi chombo cha kurudia. Ni kama mvuvi asivyoacha mtumbwi wake uchukuliwe na maji akiwa kisiwani.

8. Njia ya kurudi

Wengine hudhani kwamba kwenda ndiko kugumu, kurudi ni rahisi. Sivyo.

Chombo kikitaka kurudi huwasha injini kuelekea kule kinakokwenda, ili kupunguza mwendo. Kisha huanza kushuka. Kikiingia katika hewa nzito, hewa hiyo inasongwa na kuwa moto mkali sana. Chombo hukingwa na ngao isiyopitisha moto. Baadaye hufunguka mwamvuli mkubwa. Karibu na ardhi, roketi ndogo hulipuka chini ya Soyuz ili kisijipige kwa nguvu.

Mwezi Juni 1971 wanaanga watatu, Georgi Dobrovolski, Vladislav Volkov na Viktor Patsayev, walikuwa wanarudi kutoka kituo cha kwanza cha Wasovieti. Tundu dogo la hewa lilifunguka kabla ya wakati wake. Hewa yote ilitoka. Chombo kilitua vizuri, lakini waokoaji walipofungua mlango waliwakuta wamekufa. Hawakuwa na mavazi ya kukinga hewa, kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo. Tangu msiba huo, wanaanga wa Soyuz huvaa mavazi hayo wakati wa kwenda na wakati wa kurudi.

Hata anayetua salama huwa dhaifu. Mwili ambao haukubeba uzito kwa miezi mingi hupungukiwa na nguvu za misuli na mifupa. Ndiyo maana wanaanga hufanya mazoezi kila siku wakiwa huko juu.

9. Mwisho wa Salyut 7

Mwaka 1986 wanaanga wawili walikaa humo mara ya mwisho. Wakati huo kituo kipya kilichoitwa Mir kilikuwa kimekwisha kurushwa. Tarehe 7 Februari 1991 Salyut 7 kilianguka. Vipande vyake vilifika nchi ya Argentina. Lakini kazi ya Vladimir na Viktor haikupotea. Ilionyesha kwamba chombo kilichokufa angani kinaweza kufufuliwa na watu wenye ujuzi, subira na ushirikiano.

Sisi hatuna kituo cha angani. Lakini tunayo pampu ya maji, mashine ya kusaga na zahanati. Vitu hivi navyo havifi kwa siku moja. Huanza kufa kwa kifaa kidogo kisichoangaliwa. Huharibika zaidi pale fundi mmoja anapoondoka bila kumfundisha mwenzake. Jioni utakapoiona nyota ile inayotembea, kumbuka kwamba inaendelea kuwaka kwa sababu yumo mtu aliyepokea zamu.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini kituo cha angani hakianguki upesi?
2. Ni kifaa gani kilichosababisha Salyut 7 kuganda?
3. Vladimir na Viktor walifanyaje ili mabawa yaelekee jua?
4. Kwa nini hawakupasha moto kituo kwa haraka?
5. Katika kijiji chenu, ni nani anayejua kutengeneza pampu ya maji? Akiondoka, ni nani atakayepokea kazi yake?