Jogoo Mukali ndani ya Lupango

Ndugu musomaji, jogoo wako akirukia watoto, usicheke. Mwiba wa mguu wake unaweza kutoboa jicho la mutoto, na jicho likipotea halirudi. Ukimupiga teke, ataona unapigana naye, kesho atakuja na nguvu zaidi. Simama tu, usikimbie. Kisha umukamate, umubane kwapani mpaka atulie. Na ninyi vijana, muache kumuchokoza na fimbo! Majogoo 2 kwa kuku majike 5 ni vita. Jogoo 1 anatosha kwa majike 8 ao 10. Mama, mayai ya kula yanapatikana hata bila jogoo. Akiendelea na ukali, usimuuzie jirani kimya-kimya: yeye pia ana watoto. Apikwe na bukari.