Mgeni wa pikipiki akisimamishwa Kerege

Barabara ya Bagamoyo ikishatoka Bunju na kuingia Mkoa wa Pwani, hunyooka. Inapita Mapinga, inaingia Kerege, halafu Zinga na Kiromo, hadi Bagamoyo mjini. Lami ni nzuri, foleni ya Tegeta imebaki nyuma, na mwenye pikipiki yenye nguvu huvuta mafuta bila hata kukusudia. Hapo ndipo trafiki mwenye sare nyeupe anapojitokeza kando ya barabara na kumpiga mkono.

Siku hizi wageni wa pikipiki katika njia hii ni wengi. Kuna Wakenya wanaoshuka kutoka Mombasa kwa kuvukia Lunga Lunga na Horohoro, wakapita Tanga na Segera, kisha wakakata kushoto Msata ili waje Bagamoyo. Kuna Waganda na Wanyarwanda wanaosafiri kwa makundi. Kuna Watanzania waishio Ulaya ambao wakirudi likizo huazima pikipiki ya ndugu, na Wazungu wanaokodi Dar es Salaam ili waende kuona magofu ya Kaole. Karibu wote huuliza swali moja: trafiki akinisimamisha, nifanye nini asininyang'anye fedha zangu? Swali hilo ni la haki, lakini limechelewa. Sehemu kubwa ya yatakayotokea pale Kerege imeshaamuliwa mpakani, au kwenye meza ya aliyekukodisha pikipiki.

Tuanze na sababu ya kusimamishwa, ambayo mara nyingi ni mwendo. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, iliyotungwa mwaka 1973, imeweka kilomita 50 kwa saa kuwa kikomo katika maeneo ya makazi. Mgeni hudhani maeneo ya makazi ni mji wenye maghorofa. Kwenye barabara zetu kuu, kijiji chenye maduka, kijiwe cha bodaboda na shule ni makazi tosha, na vijiji vya njia hii vimekaribiana sana kiasi kwamba ukitoka kimoja unajikuta umeingia kingine. Kibao cha duara chenye 50 ukishakipita, kinakufunga mpaka ukione kile kinachoifuta hiyo 50 kwa mistari. Kama hicho cha kufuta hujakiona, usijipe ruhusa.

Naomba msomaji asiione 50 hii kama mtego uliowekwa ili watu watozwe. Mtu aliye makini huhitaji kama sekunde moja tangu aone hatari hadi abane breki. Katika sekunde hiyo, pikipiki iliyo kwenye kilomita 50 imesogea meta 14. Iliyo kwenye 80 imesogea meta 22. Ukiongeza umbali wa breki zenyewe kwenye lami kavu, wa kwanza husimama ndani ya takriban meta 28, wa pili huhitaji karibu meta 58. Maana yake ni kwamba mahali ambapo wa kwanza ameshasimama kabisa, wa pili bado anakwenda kwa zaidi ya kilomita 70 kwa saa. Mtoto wa shule anayevuka akiwa amebeba begi hawezi kupona katika kishindo cha namna hiyo, na mwendesha pikipiki naye hana bodi ya kumkinga.

Kupigwa tochi, kama tusemavyo, kuna utaratibu wake. Ofisa mmoja hukaa na kipima mwendo, mara nyingi mahali usipomwona haraka, na picha hutumwa kwa simu kwa mwenzake aliye mbele yako. Una kila sababu ya kuomba kuiona picha hiyo. Angalia saa, mwendo ulioandikwa na chombo kinachoonekana. Pikipiki ina tatizo lake hapa. Vipima mwendo vinavyotumia mawimbi ya redio hurusha mwale unaotanuka kadiri unavyokwenda mbali, na chombo kikubwa hurudisha mawimbi mengi kuliko kidogo. Kama kwenye picha wewe uko ubavuni mwa basi lililokuwa linakupita, ni halali kuuliza, kwa upole, mwendo ule ni wa nani. Vipima vinavyotumia mwanga wa leza vina mwale mwembamba, kwa hiyo shaka hiyo hupungua sana. Na kwa kuwa pikipiki hubeba namba nyuma, picha iliyopigwa kwa mbele pekee haionyeshi namba. Uliza, sikiliza jibu, na usigeuze swali kuwa ugomvi.

Namna ya kusimama nayo ina uzito. Washa indiketa ya kushoto mapema, punguza mwendo taratibu, toka nje ya lami. Kuwa mwangalifu na ukingo wa barabara, kwa sababu ardhi ya pwani ni mchanga na tairi la mbele likizama ghafla utaanguka mbele ya ofisa. Zima injini, teremsha stendi, vua kofia ngumu ili uso wako uonekane. Kisha salimia. Mgeni mwenye haraka huanza na "kosa langu ni nini?" na hapohapo mazungumzo huharibika. "Habari za kazi, afande" inatosha, na kama aliye mbele yako ni mtu mzima kwako, "shikamoo, afande" haimshushi mtu hadhi. Pwani salamu ni sehemu ya shughuli yenyewe. Jitambulishe kuwa ni mgeni, sema unatoka wapi na unaelekea wapi. Yeye naye anapaswa kuvaa jina na namba yake ya kazi; visome na uvikumbuke, bila kumtolea simu usoni.

Sasa karatasi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wageni wengi wanapokwama.

Leseni yako lazima iwe na daraja la pikipiki. Nimekutana na wageni wengi mno wenye leseni ya gari peke yake, ambao kwao hawathubutu kuendesha hata pikipiki ndogo, lakini wakifika Afrika Mashariki wanaona kila kitu kinaruhusiwa. Hairuhusiwi. Kibali cha kimataifa cha udereva nacho si leseni: ni tafsiri ya leseni, na bila leseni yenyewe mkononi hakina kazi. Kibali kinachotolewa chini ya Mkataba wa Geneva wa mwaka 1949 kuhusu usafiri wa barabarani hudumu mwaka mmoja tu. Kifungue ukague kama muhuri umegongwa kwenye nafasi ya pikipiki, daraja A. Chenye muhuri wa gari pekee hakikusaidii, na hasara yake haiishii kwa trafiki: ukimgonga mtu, kampuni ya bima ina sababu tayari ya kukukana.

Bima ndiyo ya pili. Kwa anayetoka Kenya au Uganda na chombo chake, njia ya kawaida ni Kadi ya Njano ya COMESA. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini ilibaki katika mpango huu wa bima, kwa hiyo kadi inatambulika. Inafidia madhara utakayomsababishia mtu mwingine. Haitengenezi pikipiki yako. Kitu ambacho wengi hawakiangalii ni orodha ya nchi iliyo kwenye kadi. Nchi ambayo haikuwekewa alama haina kinga, hata kama umelipa. Isome kabla hujavuka Horohoro, wakati ofisi yako ya bima bado iko karibu.

Tatu ni hati ya forodha ya kuingiza chombo kwa muda, inayotolewa na Mamlaka ya Mapato mpakani. Ina tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo ikipita jambo linatoka mikononi mwa trafiki na kuwa la kodi. Nne, kadi ya pikipiki. Kama jina lililomo si lako, beba barua ya mwenye chombo au mkataba wa kukodi, wenye sahihi na nakala ya kitambulisho chake. Pikipiki huibwa sana, na ofisa anayekutilia shaka kwa kukosa barua hiyo hakuonei.

Baada ya karatasi atakagua chombo chenyewe: taa, indiketa, vioo vya pembeni, tairi kama ni vipara. Kofia ngumu ni lazima kwa mwendeshaji na abiria wake. Mishikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, ni kosa, hata kama umeona bodaboda watano wakifanya hivyo mbele yako.

Tuseme umekosa kweli. Julai 2021, kwa marekebisho yaliyopitishwa na bajeti ya mwaka huo, faini ya papo kwa papo kwa pikipiki na bajaji ilishushwa hadi shilingi 10,000 kwa kosa moja, kutoka 30,000 ya awali. Gari lilibaki na 30,000. Anayekutajia 30,000 kwa kosa moja la pikipiki, muulize kwa adabu kama hakukutajia ya gari. Faini hiyo hailipwi mkononi. Ofisa huingiza kosa kwenye mashine, nayo hutoa namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo kila mtu hapa huiita kontrol namba. Unalipa kwa simu au benki, fedha inaingia serikalini moja kwa moja, na wewe unabaki na ujumbe wa kuthibitisha. Kama laini yako ni ya nje, nenda kwa wakala wa fedha za simu. Hukosi mmoja kando ya barabara Kerege. Faini isiyo na namba hiyo si faini. Hili ndilo ningependa mgeni aondoke nalo hata akisahau mengine yote.

Litakuja jaribu la njia ya mkato. Wakati mwingine ofisa ndiye anayelianzisha, kwa kusema jua ni kali na maji ya kunywa hana. Mara nyingi zaidi, na tuseme ukweli huu, ni mgeni mwenyewe anayekunja noti ndani ya leseni kwa kuwa ameambiwa ndivyo mambo yanavyokwenda. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamwona mtoaji kuwa mkosaji sawasawa na mpokeaji, na mgeni mwenye kosa la rushwa ana mengi ya kupoteza kuliko shilingi 10,000. Isitoshe, ukitoa fedha isiyo na kumbukumbu hapa, huna cha kumwonyesha trafiki wa mbele akikusimamisha kwa picha ileile. Njia nzuri ni kusema, bila kupaza sauti: "Afande, nimekosa, naomba uniandikie nilipe." Sentensi hiyo haimvunjii heshima na haimwachi na mlango wa kujadiliana. Akikataa kukuandikia na akang'ang'ania fedha, kumbuka jina, namba, mahali na saa, kisha piga TAKUKURU kwa 113, simu ya bure.

Na kama huamini kwamba umekosa? Hulazimiki kukiri. Faini ya papo kwa papo ni njia ya mtu aliyekubali kosa. Asiyekubali anayo haki ya kupelekwa mahakamani akajitetee. Kwa mgeni, gharama ya haki hiyo ni muda, maana huenda ukalala Bagamoyo usiku ambao hukuupanga. Kwa kosa dogo ambalo moyoni unalijua, lipa. Kwa kosa la kubambikiwa, hasa lenye ajali au mtu aliyeumia ndani yake, usikiri chochote kwa sababu ya ferri ya Zanzibar unayoiwahi.

Anayepanda ferri hiyo aelewe kwamba Zanzibar ina sheria yake ya barabarani na kibali chake cha udereva kwa wageni. Aliyekodi pikipiki Nungwi, hukohuko Zanzibar, akasimamishwa na trafiki hawezi kujitetea kwa kusema Kerege walimruhusu. Mkodishaji mzuri hukusaidia kupata kibali hicho kabla hujaondoka na ufunguo. Nasi Watanzania tukitoka nje ya nchi, mambo hugeuka: Kenya hudai koti la kung'aa kwa mwendeshaji na abiria pamoja na kofia ngumu, na Rwanda, Burundi na Kongo huendesha kulia. Rwanda ina kamera za mwendo ambazo wenyeji huziita Sofia, na kamera haisalimiwi.

Wenye pikipiki za kukodisha Dar es Salaam na Bagamoyo nao wana wajibu. Faini isiyolipwa huandikwa kwa namba ya chombo, kwa hiyo mgeni akishapanda ndege, deni linabaki kwa mwenye pikipiki. Wamwonyeshe mteja kadi, bima na kibao cha 50 kabla hajawasha injini, na wakatae kumkabidhi ufunguo asiye na daraja la pikipiki, hata akitoa dau mara mbili. Nawe unayesafiri wiki hii, kaa leo usiku uzifungue karatasi zako moja moja: muhuri wa daraja A, nchi zilizo kwenye Kadi ya Njano, tarehe ya hati ya forodha, jina kwenye kadi ya pikipiki. Kisha kesho ukifika Kerege, shuka hadi 50.