Filimu ku kariyeri: pa kulipia ni wapi?

Jumamosi jioni, tukitoka ku kariyeri hapa Walungu, wengi wetu hatuendi nyumbani moja kwa moja. Tunapita kwanza kwa kijana mwenye ordinateri. Unamupa karti ya simu yako, anapakia filimu tano ama sita kwa bei ya chai na mandazi. Sheria ya mwaka 1986 juu ya haki za watunzi inakataza jambo hilo. Na sisi tunaopigania jasho letu kila siku hatuwezi kusema eti si kitu: aliyetengeneza filimu naye ni mufanyakazi, na hapo hapati hata franga moja.

Lakini alipwe wapi? Dekoda ziko, tunajua. Zinataka umeme, na mara nyingi zinataka abonema ya mwezi muzima. Sisi hatuna mushahara wa mwezi. Siku tukigonga mushipa wa kasiterite tunagawana, kisha wiki tatu ni madeni tu. Uko ndani ya shimo, abonema yako inaisha bila kutazama kitu. Filimu za intaneti nazo, nyingi zinaomba karti ya banki. Nani kati yetu iko nayo? Tena zile za kwa kijana zimesemewa juu kwa Kiswahili na Watanzania. Mama anaelewa, anacheka pamoja na watoto.

Kuna moja inayotuuma. *L'Homme qui répare les femmes*, ya Thierry Michel na Colette Braeckman, inaonyesha Daktari Mukwege wa Panzi na akina mama wa kwetu Kivu. Septemba 2015 serikali iliikataza nchini, ikisema inachafua jeshi. Oktoba ikairuhusu. Sawa, ruhusa ilikuja, lakini hapa kwetu hatukuona mahali pa kuinunua. Tuliiona kwa flashi. Hadithi ya dada zetu wenyewe, na tuliitazama kama wezi!

Sisi wa sendika tunaomba wenye filimu kitu kimoja: watuuzie siku moja moja, kwa M-Pesa ama Airtel Money, maana pesa ya simu tunaitumia hata ku kariyeri. Tulimuuliza yule kijana kama angekubali kuwakatia fungu lao. Alijibu bila kuinua macho: "Munionyeshe mwenyewe, nitamulipa kila Jumamosi."